Kabla ya kulipa mausi ya gemu, toa rula

Ukiingia butiki yoyote ya vifaa vya mashini, yaani kompyuta, pale Birere hapa Goma utakuta mausi za gemu zimepangwa mbele kabisa kwenye kioo, taa zinawaka rangi zote, na kitu ya kwanza utaona si jina wala marke, ni namba. 7200. 12800. 16000. Imeandikwa kubwa kwenye boksi na pembeni herufi tatu, DPI, na muuzaji hata kama hajawahi kucheza gemu maisha yake yote atakuwekea kidole juu ya hiyo namba akuambie "kaka, hii njo inashinda zote." Na vijana wananunua namba. Nawaona wanakuja nayo kwenye chumba chetu cha gemu kule Majengo, boksi bado iko mkononi, wamefurahi, na mwezi haujaisha mausi inaruka, inabonyeza mara mbili peke yake, inapoteza njia katikati ya mechi.

Hiyo namba inakula watu pesa, njo maana naandika.

DPI ni hesabu ngapi mausi inatuma kwa mashini ukiisukuma inchi moja, yaani sentimita 2.54. Ukiiweka kwa 800 inatuma hesabu 800 kwa kila inchi, na kama Windows imewekwa isiongeze wala isipunguze mwendo, kila hesabu inasogeza mshale pikseli moja, yaani nukta moja ya ekrani. Sasa chukua ekrani ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa upana. Kwa 800 mkono unatembea sentimita 6 na nukta kidogo, mshale unatoka ukingo wa kushoto mpaka wa kulia. Kwa 16000 mkono unatembea milimita 3. Milimita tatu ekrani nzima! Nani kati yetu ana mkono wa kusimamisha mshale juu ya kichwa cha adui wakati ekrani yote imebanwa kwa milimita tatu? Wale wachezaji wa Counter-Strike, gemu ya kupigana bunduki, wenye wanalipwa mshahara kwa kucheza, wengi wao wako kwa 400 ama 800, mpaka leo, na wana pesa ya kununua chochote. Kwa hiyo ile elfu kumi na tano nyingine kwenye boksi unailipia na hutaigusa kamwe.

Najua kuna watu watasema ni mausi tu, nunua, ikiharibika nunua ingine. Hapana. Hapa Goma ukishatoka mlangoni umetoka, garanti ni maneno ya mdomo, na tangu benki zifunge milango mwanzoni mwa 2025 kila mtu anajua dola inatafutwa namna gani, inapita kwa simu, inakatwa kidogo kila mahali inapopita, mpaka ifike mkononi imeshachoka. Kijana mwenye amekusanya dola kumi na tano kwa kubeba mizigo ama kuuza unite za simu, akizipeleka kwa kitu ya uongo mimi inaniuma. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hiyo uongo inaweza kujulikana palepale kwenye butiki, bila chombo cha gharama, bila kuwa injinia. Rula ya shule, CD nne za zamani, kitabu kizito, na laptopu yenye iko na programu ya kuchora ya Paint na gemu ya Counter-Strike. Basi.

Kwanza lazima ujue ndani kunafanyika nini, maana ukijua hilo majaribio yote yanajieleza yenyewe. Mausi ya kwanza kabisa, ile ya Douglas Engelbart kule Marekani mwaka 1964, ilikuwa boksi ya mbao na magurudumu mawili chini, moja la kwenda mbele na nyuma, lingine la kushoto na kulia, na mwenye aliitengeneza kwa mikono ni mwenzake Bill English. Halafu tukapata zile za mpira ndani, wakubwa wanakumbuka, ulikuwa unafungua chini unatoa mpira unafuta uchafu na ukucha. Mwaka 1999 mambo mawili yalitokea: Microsoft walileta IntelliMouse Explorer, haina mpira, iko na kamera ndogo chini inayopiga picha 1500 kwa sekunde, na Razer walileta Boomslang, jina la nyoka wa miti wa huku kwetu Afrika, ambayo ilikuwa bado ya mpira lakini imetengenezwa kwa ajili ya gemu na kwenye boksi wameandika 2000. Mimi naona hapo njo mbio za namba zilianza. Kamera ikashinda mpira, namba ikabaki kwenye boksi, na kila mwaka inapanda.

Kwa hiyo mausi ya leo ni kamera. Taa ndogo inamulika meza, kamera inapiga picha za meza haraka haraka, chipu inalinganisha picha hii na ile iliyotangulia, inasema tumesogea kushoto kidogo, tumesogea mbele kidogo. Kamera na chipu hiyo pamoja njo sensa. Sensa nzuri, kwa mfano PMW3360 ya PixArt wa Taiwan, inaweza kufuata mkono mpaka inchi 250 kwa sekunde, zaidi ya mita 6, na hakuna mkono wa binadamu wa kawaida utaifikisha hapo kwenye meza. Sensa mbaya ukivuta kwa nguvu picha hazifanani tena, chipu inachanganyikiwa, inakisia, na kwenye gemu unajikuta unaangalia mbingu ama unaangalia miguu yako wakati mwenzako anakupiga. Hiyo tabia ya mausi kutupa macho chini vijana wetu wanaisingizia mashini, wanasema mashini imekwama. Mashini haijakwama.

Nilikuwa na mausi tatu mezani. Moja ya soko, marke siitaji, boksi inasema 12800, taa saba. Moja Logitech G102 ya waya, ambayo kampuni yenyewe inasema mwisho wake ni 8000 tu, gramu 85, vibonyezo sita. Na moja isiyo na waya ya rafiki yangu, aliletewa kutoka Kigali kupitia Gisenyi, hiyo nitaisema kidogo mbele.

Jaribio la rula. Kabla ya yote ingia kwenye mipangilio ya mausi ya Windows, zima ile kitu wanaita kuboresha usahihi wa mshale, maana hiyo inaongeza mwendo ukivuta haraka na inapunguza ukivuta polepole, hutapima kitu cha kweli ikiwa imewashwa, na kwa gemu pia izime, iache imezimwa. Kipimo cha mwendo wa mshale kiweke katikati kabisa, nukta ya sita kati ya kumi na moja. Halafu weka rula mezani, mausi ikae pembeni yake, sukuma mshale mpaka ukingo wa kushoto wa ekrani, angalia mausi iko kwa sentimita ngapi, sukuma polepole kwenda kulia mpaka mshale uguse ukingo mwingine, soma tena rula. Ekrani ya 1920 kwa 800 lazima uone 6.1. Kwa 1600 ni 3.05. Kwa 400 ni 12.2. Laptopu nyingi za okazio, yaani zilizokwisha tumika, tulizonazo hapa ni za pikseli 1366, hapo kwa 800 utaona 4.3.

G102 ilinipa sita na kidogo, kila mara, polepole ama haraka. Ile ya soko kwa kituo chake cha 800 ilinipa sentimita 5, maana yake iko karibu 975 wala si 800. Hilo peke yake si dhambi kubwa, mkono unazoea. Dhambi iko kwa zile namba za juu. Niliiweka kwa 12800 yake nikaisukuma polepole sana, kidole kimoja tu kinagusa mgongo wake, na mshale ulikuwa hautembei, ulikuwa unaruka, pikseli kadhaa kwa mara moja, unasimama, unaruka tena. Hiyo maana yake sensa haioni vizuri hivyo, inaona kidogo halafu chipu inazidisha, hesabu moja inaiita nne. Namba kwenye boksi imetimia na jicho halijaongezeka. Hiyo utaiona kwa dakika moja ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, na ukiona usibishane, rudisha boksi kwa heshima uende butiki ya pili.

Ukishamaliza rula fungua Paint. Chora mistari ya kukata kona, polepole, halafu miduara, halafu andika jina lako. Mkono wa mtu unatetemeka kidogo, ni kawaida, kwa hiyo mstari wako lazima uonyeshe mtetemo kidogo. Mstari ukitoka umenyooka kushinda mkono wako, ujue mausi inakusahihisha, iko na tabia ya kuvuta mwendo ulale ama usimame wima. Kwa mtu wa ofisi anayechora jedwali inaweza kumfaa. Kwa gemu inakuua, maana wewe unafuata kichwa cha mtu anayeshuka ngazi na mausi inataka kwenda mlalo. Na mstari ukitoka na meno meno kama msumeno hata mahali mkono ulikuwa umetulia, hiyo sensa ni choka.

Jaribio lenye mimi naliamini kushinda yote ni la kurudi. Unahitaji gemu, Counter-Strike 1.6 inatosha, iko kwenye kila mashini ya hapa na haisumbui hata mashini ya zamani. Simama mbele ya ukuta, lenga alama moja, kona ya dirisha kwa mfano. Mezani weka kitabu kizito upande wa kushoto, mausi iguse kitabu. Vuta mausi kwenda kulia kwa nguvu yote, kama umeshtuliwa kutoka nyuma, halafu irudishe polepole polepole mpaka iguse kitabu tena. Kama mausi ni ya kweli, msalaba wako wa kulenga umerudi kwenye ile kona ya dirisha. Kama umebaki mbali, mausi imepoteza hesabu wakati wa haraka. G102 ilirudi. Ile ya soko ilirudi nilipovuta kwa mwendo wa kati, nikafurahi kabisa, halafu nikavuta kwa nguvu na ikaniacha naangalia ukuta mwingine. Nikarudia, ukuta mwingine tena. Nikampa kijana mmoja wa chumba chetu avute yeye, ana mkono mwepesi kuliko mimi, ikamwangalisha chini.

Hapo kuna jambo la meza lenye sijaona mtu akilisema. Kwa mipangilio ya 800 na usikivu wa gemu (sensitivity) 1, Counter-Strike inahitaji sentimita 52 ili ugeuke mzunguko mzima. Wale wa mashindano wana meza pana, wanavuta kwa mkono mzima kutoka bega. Sisi kwenye vyumba vya gemu vya Goma tunakaa bega kwa bega, kila mtu ana sentimita thelathini hivi za mausi, zaidi ya hapo unampiga jirani kiwiko. Kwa hiyo usikopi mipangilio ya bingwa wa Ulaya ukaja kulalamika kwamba huwezi kugeuka. Pima nafasi yako. Ukiwa na sentimita 30 na unataka mzunguko mzima uingie humo, usikivu ni 1.7 kwa 800, na ukiona ni nyingi shuka kidogo kidogo, mzunguko nusu ukiingia kwenye nafasi yako inatosha kwa mechi nyingi. Angalia pia kwamba 400 yenye usikivu 2 na 800 yenye usikivu 1 ni mwendo uleule. Hakuna mahali popote kwenye hesabu hii unahitaji 12800.

Sasa vumbi. Hii ni Goma, mji umekaa juu ya mawe ya volkano, barabara za mitaa ni makoro, hayo hayo mawe, yaliyopondwa, ukuta ni makoro, na tangu lava ya 2002 ilipopita katikati ya mji na ile ya 2021 ikasimama mlangoni kwetu, hatujakosa hata siku moja ile vumbi nyeusi ya mchanga mchanga. Si vumbi laini. Ukiipitisha kati ya vidole unasikia inakwaruza. Chini ya mausi kuna vipande vinne ama viwili vyeupe ama vyeusi vinavyoteleza, kwenye mausi nzuri ni vya PTFE, ile kitu ya sufuria zisizoshika chakula, na PTFE ni laini, kwa hiyo chembe za makoro zinaichora, halafu inashika chembe zaidi, na baada ya muda mausi inasota badala ya kuteleza. Mausi za bei ya chini wanaweka plastiki ya kawaida, hiyo inakwaruzika haraka zaidi. Futa meza kila asubuhi na kitambaa chenye unyevu kidogo. Geuza mausi, angalia tundu la sensa, pulizia, ukikuta unywele ama chembe itoe na kijiti cha masikio kikavu. Sijui ni mausi ngapi nimeletewa "zimekufa" na ilikuwa chembe moja tu mbele ya jicho.

Na chini ya mausi weka kitambaa. Meza zetu nyingi zimepakwa vernisi inang'aa, sensa haipendi kitu kinachong'aa, meza ya kioo ndio kabisa. Si lazima ununue mkeka wa gemu wa dola ishirini. Sisi tulimpelekea mama mmoja mshonaji kitambaa kigumu cha jinsi, akakishonea juu ya mpira mwembamba, pembe zimepigwa ovaloki, na G102 inatembea juu yake vizuri sana, nimefanya jaribio la kurudi juu yake na imerudi.

CD ni za kupima kuinua. Ukiwa na nafasi ndogo unainua mausi mara nyingi, unairudisha katikati, na wakati iko hewani haipaswi kuona kitu, la sivyo msalaba unatembea wakati wewe hutaki. CD moja iko na unene wa milimita 1.2. Weka CD moja chini ya mbele ya mausi na nyingine chini ya nyuma, katikati wazi pale sensa inapochungulia, sukuma. Mshale ukitulia, vizuri sana. Ukitembea, ongeza CD, mbili mbili, hiyo ni milimita 2.4, na hapo lazima utulie. Ile ya soko ilikuwa bado inatembea kwa CD mbili mbili. Kila nyumba hapa iko na CD za zamani za kwaya zenye hazipigi tena, zimepata kazi.

Kuhusu Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde, nitapita haraka. Mausi ya ofisi inaongea na mashini mara 125 kwa sekunde, kila milisekunde 8, ya gemu mara 1000, kila milisekunde 1, na siku hizi kuna za 8000. Ekrani zetu ni za 60 Hz, picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7. Kutoka 125 kwenda 500 ama 1000 utasikia tofauti kidogo, mshale unakuwa laini zaidi. Zaidi ya hapo kwenye mashini ya okazio unaipa prosesa kazi ya bure. Chukua 1000 uendelee na maisha.

Kibonyezo ndicho kinachoua mausi nyingi za hapa, si sensa. Ndani kuna swichi ndogo yenye ulimi wa chuma, ukibonyeza ulimi unagusa chuma kingine, na unapogusa unadundadunda kidogo sana kabla ya kutulia, kwa hiyo chipu imefundishwa ingoje milisekunde chache isihesabu hiyo midundo. Ulimi ukichoka ama ukishika kutu kidogo unadunda muda mrefu kuliko chipu inavyongoja, na hapo bonyezo moja linakuwa mawili. Sisi tuko kando ya ziwa, unyevu upo, jasho lipo. Watengenezaji wanaandika swichi ya mara milioni 20, milioni 50, na majina yake ni Omron ya Japani, Kailh na Huano za China. Kwenye butiki huwezi kupima milioni 20, lakini unaweza kupima kama mpya yenyewe imeshaanza: shika folda, ivute, izungushe ekrani nzima bila kuachia kidole, kwa muda mrefu. Ikidondoka katikati wakati kidole hakijaachia, kibonyezo ni kibovu. Halafu bonyeza folda mara moja moja taratibu, ikifunguka peke yake, kwaheri. Pima na cha kulia, watu wanasahau cha kulia, na sukuma gurudumu ukiwa kwenye ukurasa mrefu uone kama linarudi nyuma lenyewe.

Na ikishaharibika usitupe. Mafundi wa simu wa hapa wenye wanabadilisha tundu la chaja ya simu kwa risasi ya kuchomelea na pini nyembamba wanaweza kubadilisha swichi ya mausi pia, ni miguu mitatu tu. Swichi wanaweza kutoa kwenye mausi ya zamani ya ofisi, mara nyingi zina mpangilio uleule wa miguu. Muombe atoe swichi ya kibonyezo cha kulia, maana cha kulia cha ofisi hakijatumika sana. Nimeona mausi zilizofufuliwa hivyo zikiendelea kucheza mechi za jioni bila shida.

Uzito ulinipa mjadala mrefu na mama mmoja mwenye butiki, mtu mwema, tunaheshimiana. Aliniwekea mausi mbili mkononi akasema, "Papa, sikia hii iko nzito, njo ya kweli. Ile ingine iko mwepesi, ni plastiki tu." Nikamwambia, "Mama, kwa mausi ya gemu ni kinyume." Hakuamini. Tukaifungua ile nzito, ilikuwa yake ya maonyesho, na ndani kulikuwa na kipande cha chuma kimefungwa na skrubu, hakina kazi yoyote, hakijaunganishwa na waya wowote, kimewekwa ili mkono useme ni nzito. Nikamuonyesha kwenye simu Logitech G Pro X Superlight, ile ya 2020, ya bei ambayo hapa inalipa nyumba mwezi mzima na zaidi, uzito wake ni chini ya gramu 63, na watu wanailipia huo wepesi. Kwa sababu mkono unaanza na kusimama maelfu ya mara kwa jioni moja, na kila gramu unaisukuma na kuisimamisha wewe mwenyewe. Tulitoa kile chuma, mausi ikawa nzuri zaidi, na mama akacheka akasema atawaambia wateja.

Lakini umbo linashinda uzito. Ishike kama unavyocheza. Wengine wanalaza kiganja chote, wengine wanakunja vidole, wengine wanashika na ncha za vidole tu. Mkono mkubwa juu ya mausi ndogo, kiganja kinaning'inia, kifundo kinauma. G102 ni ndogo, kwa vijana wetu wengi inafaa, kwangu ikiwa saa mbili zimepita nabadilisha namna ya kushika. Na epuka zile zenye ngozi ya mpira laini pembeni, inapendeza siku ya kwanza, jasho na joto vinaigeuza inanata, haifutiki tena. Plastiki kavu ni bora.

Ile isiyo na waya ya rafiki yangu ilipita majaribio yote, rula, kurudi, CD, kwa kile kidude chake cha USB cha 2.4 GHz. Kwa bluetooth ni hadithi nyingine, mshale unachelewa mpaka unaona kwa macho, bluetooth iache kwa kazi ya kuandika. Tatizo lake kwetu ni chaji. Umeme ukikatika jioni, ile saa tumetafuta jenereta, kila mtu anapanga foleni ya chaji za simu, na mausi inaingia kwenye foleni hiyo. Kwa chumba cha gemu nachagua waya. Kwa mtu yuko peke yake nyumbani na ana umeme wa kutulia, achukue anachopenda.

Sasa namna ya kufanya yote haya kwa butiki bila ugomvi. Nenda asubuhi, wateja hawajajaa. Omba ruhusa kwanza: "Papa, nataka kununua, lakini naomba nipime hapa mbele yako." Mwenye anauza kitu ya kweli hana sababu ya kukataa, na nimeona wengi wanakubali, hata wanakusogezea kiti. Mwenye anakataa hata usiifungue boksi, mshukuru, toka. Bei za hapa zinapanda na kushuka lakini tofauti kati ya mausi ya soko yenye namba kubwa na G102 ya kweli si kubwa kama watu wanavyodhani, mara nyingi ni pesa ya mausi ya pili yenye ungenunua miezi mitatu mbele.

Na nimesema ya kweli kwa sababu za kuiga zipo, boksi sawa, rangi sawa, hata nembo sawa. Rula itakuonyesha nyingi kati ya hizo, lakini kuna njia ya mkato: weka kwenye laptopu yako programu ya kampuni yenyewe, kwa Logitech inaitwa G HUB, uiweke ukiwa nyumbani ama mahali penye intaneti nzuri maana ni nzito na butiki nyingi hazina. Chomeka mausi. Ikiwa ni yao programu itaitambua kwa jina na kukuonyesha picha yake, utabadilisha DPI hapohapo. Ikiwa imekaa kimya, haioni kitu, na mausi iko inatembeza mshale kawaida, hiyo karibu hakika si yao, hata boksi iseme nini. Chomoa, irudishie boksi yake vizuri, mwambie muuzaji bila kelele na umuonyeshe ekrani ili naye ajue alichouziwa huko alikoinunua.